Siku Kanyamibwa Alipomsema Vibaya Bihogo

Mtu wa Bihambwe, kijiji cha milima ya Masisi, aliyetaka kupoteza asubuhi nzima alikuwa na njia moja ya uhakika: kumwuliza Kanyamibwa habari za ng'ombe wake. Kanyamibwa angeweka jembe chini, afute mikono kwenye suruali, aanze na pembe, ateremke shingoni, apumzike kidogo mgongoni, na hadi afike kwenye kwato jua limeshapanda na mbuzi wamemaliza maharage ya msikilizaji. Watu walimjua. Wenye haraka walimsalimia kwa mbali, huku wanatembea.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Bihogo, jina wanalopewa ng'ombe wa rangi ya kahawia iliyokolea. Alikuwa mtamba, bado hajazaa, na kusema kweli alikuwa mzuri. Hata Karangwa, jirani wa upande wa chini, ambaye tangu abatizwe hakuwahi kusifu kitu cha mtu mwingine, alikubali kwamba mtamba yule alikuwa na mwendo. Ila aliongeza haraka kwamba mwendo haujazi kibuyu cha maziwa.

Lakini Bihogo hakuwa wa Kanyamibwa, au tuseme alikuwa wake wa kulisha tu. Miaka sita nyuma, vita vilipowafukuza watu milimani, Kanyamibwa alikimbia na mkewe Uwamariya na mtoto wao Cyusa mpaka Buleusa, kule Walikale, ambako hawakuwa na ndugu wala rafiki. Mwindaji mmoja, Albert, aliwafungulia jiko lake. Wakakaa humo miezi saba. Albert ni mtu wa msitu. Mambo ya ng'ombe ambayo mgeni wake aliyazungumza kutwa kucha hakuyaelewa hata kidogo, lakini aliyasikiliza yote, na huo peke yake ulikuwa ukarimu wa kuandikwa. Kisha Cyusa akaugua karibu kufa. Joséphine-Marie, mke wa Albert, alimtoa kondoo wake dume akamwuza, mtoto akapelekwa hospitali akapona. Hakumwambia mtu. Uwamariya aligundua wiki mbili baadaye, alipoona dume halimo zizini na hakuna nyama iliyoliwa.

Siku ya kuagana, Kanyamibwa alisimama mbele ya watu wa Buleusa akasema kwamba Mungu akimjalia ng'ombe tena, mtamba wa kwanza kuzaliwa zizini mwake atakuwa wa Albert. Kwa watu wake, kumpa mtu ng'ombe si kumpa mnyama. Ni kumwambia kwamba kuanzia leo nyumba yangu na yako ni moja, na wajukuu zetu watazikuta hivyo. Basi akarudi Masisi, akalima, akahangaika, akapata ng'ombe mmoja mzee, na ng'ombe mzee akamzaa Bihogo. Siku ikapangwa: Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, Albert atakuja kwa miguu kumchukua.

Zilikuwa zimebaki wiki sita kondoo walipoanza kufa.

Kanyamibwa alikuwa na kondoo wanne, nao walilala zizi moja na ng'ombe, kama walivyolala kondoo wa baba yake na wa babu yake. Milima ile ina radi isiyo na adabu, na wazee wanasema kondoo ni mnyama wa amani, radi haipigi mahali alipolala. Katekista wa kanisa alihubiri dhidi ya imani hiyo mara moja kwa mwaka, na yeye mwenyewe alikuwa na kondoo mmoja kati ya ng'ombe zake. Alisema ni kwa ajili ya sufu, ingawa hakuna aliyewahi kuiona sufu hiyo.

Kondoo wa kwanza alivimba midomo, kisha uso mzima, kama aliyeingiza kichwa kwenye mzinga wa nyuki. Mate yakamtoka, miguu ikamwuma, akakataa kusimama. Ulimi ukavimba ukageuka rangi, na siku ya tano akafa. Wiki iliyofuata akafuata wa pili, halafu wa tatu. Ng'ombe wawili, Bihogo na mama yake, walisimama pembeni wakicheua, manyoya yanang'aa, hawana habari.

Kanyamibwa alihuzunika siku mbili. Siku ya tatu alipata maelezo, na maelezo yakamponya. Kondoo, alisema, wameibeba balaa iliyokuwa inamwendea Bihogo. Wamefanya kazi yao. Akazunguka kijiji akisimulia jinsi walivyokufa kwa uaminifu, mpaka Uwamariya akamwuliza kama atamvalisha yule wa nne nishani sasa hivi au atangoja kwanza afe.

Uwamariya ndiye aliyemwita Elodie. Huyu alikuwa mganga wa mifugo, binti mdogo wa umbo mwenye buti kubwa, aliyezunguka vijijini kwa pikipiki na kisanduku cha barafu nyuma. Alimtazama kondoo aliyebaki, akatoa damu. Kisha akataka na damu ya ng'ombe. Kanyamibwa alipinga; alisema mgonjwa ni kondoo, na mtu hachomwi sindano kwa kuwa jirani yake anakohoa. Elodie alimsikiliza mpaka mwisho, akamchoma Bihogo na mama yake sindano, akaenda zake na damu ili ipelekwe maabara mjini.

Majibu yalifika siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya Albert. Elodie alikuja nayo mwenyewe, karatasi ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua.

"Papa Cyusa," alisema, "kondoo zako zilikufa na maladi banaita langue bleue. Na Bihogo iko nayo. Mama yake pia iko nayo."

Kanyamibwa aligeuka akamtazama Bihogo. Bihogo alikuwa na mdomo umejaa majani.

"Bihogo iko mugonjwa?" aliuliza. "Huyu?"

"Kwa macho hautaona kitu. Virus inajificha mu damu. Ngombe inaibeba miezi mbili, ao zaidi, inakula, inanenepa, hata kukohoa haikohoe. Kondoo njo inakufa."

Akamweleza yaliyobaki polepole. Ugonjwa ule hauruki kutoka pua hadi pua. Unabebwa na usubi, wale wadudu wadogo wa jioni ambao mtu huwasikia wakimwuma kabla hajawaona. Usubi humwuma ng'ombe, hunywa damu yenye virusi, siku kadhaa baadaye humwuma kondoo. Ndiyo kusema wale kondoo waliolazwa kati ya ng'ombe ili wawalinde waliuawa kwa kulala palepale. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kondoo wa Kanyamibwa kilikuwa kimesimama karibu yao kinacheua.

Kisha Elodie akauliza swali moja dogo. Aliuliza kwa nini katika zizi hili hawashi moto wa moshi.

Hapo Kanyamibwa alianza kutafuta kitu chini. Kila mwenye ng'ombe kule huwasha moshi jioni, wa majani mabichi na samadi kavu, ng'ombe wakalala ndani ya ukungu wake. Hakuna usubi anayeupenda. Kanyamibwa naye alikuwa akiwasha maisha yake yote, mpaka mwaka jana alipoezeka zizi kwa mabati mapya. Mabati yale yalionekana kutoka ng'ambo ya bonde. Moshi ukaanza kuyatia weusi, naye hakuvumilia, akauzima. Majirani aliwaambia ni mambo ya usafi.

Elodie aliinua macho akayatazama mabati muda mrefu. "Ni mazuri kweli," alisema.

Kuhusu safari, jibu lake lilikuwa fupi. Bihogo asitoke. Kule Walikale kuna joto na unyevu, usubi ni wengi kuliko hapa. Watamwuma Bihogo jioni ya kwanza, na baada ya hapo kila kondoo wa kijiji yuko hatarini. Baada ya miezi miwili na nusu yeye Elodie atarudi kutoa damu tena. Ikiwa safi, ng'ombe aende hata Kisangani.

Joséphine-Marie alikuwa na kondoo kumi na mmoja. Kanyamibwa aliijua hesabu hiyo kwa sababu kila walipozungumza kwa simu alimwambia, kwa sauti ya mtu anayetaja wanawe. Alipanda kilima penye mtandao akapiga simu Buleusa. Joséphine-Marie alipokea. Alisema Albert ametoka tangu jana, amechukua shati jeupe na kamba aliyoisokota mwenyewe mwezi mzima, na kwamba yeye amekwisha kumtayarishia Bihogo nafasi pamoja na kondoo, asione upweke. Kanyamibwa akafungua kinywa amwambie. Akaulizia mvua. Wakazungumza juu ya mvua mpaka salio likaisha, akashuka kilima akijichukia.

Ijumaa Karangwa alikuja kumfariji, maana habari zilikuwa zimemfikia, na Karangwa hakukosa msiba. Ushauri wake ulikuwa rahisi: nyamaza. Ng'ombe ananenepa, hana kidonda, hana homa. Nani atamwamini mtu anayesema ng'ombe wa namna hii ni mgonjwa? Watasema Kanyamibwa amefika siku ya kutoa, roho imemwuma, akamtafutia mtamba wake ugonjwa usioonekana. Na huyo Elodie ni mtoto wa juzi. Mpe mtu wa watu ng'ombe wake aende. Kondoo wa Buleusa wakifa, wangapi hufa kila mwaka?

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yalikuwa na akili. Na kulikuwa na jambo lingine, baya zaidi. Kwa desturi yao, anayetoa ng'ombe hamsemi vibaya. Husimama akamsifu mbele ya watu, na Kanyamibwa alikuwa bingwa wa sifa hizo; walimwita hata kwenye harusi za watu asiowajua. Kutaja kasoro ya ng'ombe unayemtoa ni kumwambia mpokeaji kwamba hutaki kutoa. Hakuna namna nyingine ya kulielewa.

Jioni alimwuliza mkewe afanye nini. Uwamariya alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Jina yako itapona," alisema. "Kondoo za Mama Joséphine hazitapona."

Kanyamibwa hakulala vizuri, na aliona aibu kwamba jambo lililo wazi hivyo linahitaji mtu akose usingizi.

Albert alifika Jumamosi saa nne, shati jeupe limekwisha kuvaliwa njiani karibu na kijiji, kamba begani. Wakakumbatiana. Kijiji kizima kilikuwa uani: katekista, Karangwa na ndugu zake, wanawake na vyungu, mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, katikati. Bihogo alikuwa ameogeshwa. Uwamariya ndiye aliyemwogesha. Alisema mgonjwa naye huoga.

Kanyamibwa akasimama na fimbo yake. Alikuwa amepanga kusema moja kwa moja. Lakini ulimi uliozoea njia haugeuki upesi, na macho yake yalipomwangukia Bihogo, ukaenda wenyewe. Alisifu pembe. Akasifu shingo. Akamwita binti wa mvua, akamwita mwenye kuchelewesha wasafiri. Watu wakaanza kuitikia, wazee wakafumba macho, na pale sifa zilipopanda juu kabisa, akasema, "Lakini iko mugonjwa."

Uani kulilipuka kicheko. Walidhani ni mbinu mpya. Mtu mmoja alipiga makofi.

Alirudia. Akasema ng'ombe ana ugonjwa katika damu na hawezi kwenda Buleusa leo. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kama mvua inayoacha kwenye bati, kikabaki cha mtu mmoja nyuma, naye akanyamaza. Kanyamibwa alitoa karatasi ya Elodie. Karangwa, ambaye alisoma hadi darasa la sita na hakuwaacha watu wasahau, aliichukua akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye lile jina la ugonjwa, akasimama. Alisema Kifaransa chake kinamwambia hapa pameandikwa ulimi wa buluu. Basi mambo ni mepesi, tuutazame ulimi.

Wakamfungua Bihogo mdomo, watu wanne, kila mmoja na upande wake. Ulimi ulikuwa mwekundu, safi, mzima kuliko ndimi zote zilizokuwapo uani siku ile, na baada ya kuonyeshwa ulijinyoosha ukamlamba Karangwa kuanzia kidevuni hadi kwenye kofia. Mwenye macho haambiwi tazama. Watu walitazama, kisha wakamgeukia Kanyamibwa, na safari hii hawakucheka. Mmoja wa ndugu za Karangwa alisema, si kwa sauti kubwa lakini ya kutosha, kwamba roho ya kutoa haisomwi kwenye karatasi.

Kanyamibwa alisimama pale na fimbo yake. Maisha yake yote alikuwa akiwashawishi watu kwamba ng'ombe wake ni mzuri, na walimwamini. Leo alitaka waamini kinyume chake, na sifa zake mwenyewe zilikuwa shahidi dhidi yake. Alitamani ardhi ipasuke. Hakumtazama Albert, kwa sababu aliogopa kuona usoni mwake kile alichokwisha kukiona katika nyuso za wengine.

Albert aliweka kikombe chini, akauliza kondoo walikufa namna gani.

Kanyamibwa alimweleza. Hakutumia neno zuri hata moja. Alimweleza midomo iliyovimba, na ulimi, na yule jike wa tatu aliyekuwa ndiyo kwanza amezaa: alikuwa akimlilia mwanawe aje anyonye, lakini hakuweza kusimama, na mwana hakuweza kulifikia ziwa, hivyo Uwamariya alimshika mama kwa mikono yake asubuhi na jioni mpaka alipokufa. Alisema alisimulia kijiji kizima kwamba walikufa kwa uaminifu, na kwamba ukweli ni kuwa aliwaua yeye kwa kupenda mabati. Kisha akamaliza maneno. Watu wa Bihambwe walikuwa hawajawahi kumwona Kanyamibwa akimaliza maneno.

Albert aliinuka. Alikuwa mtu mfupi, na ilibidi watu wasogee ili wamwone.

"Papa Cyusa, miye niko muntu wa pori," alisema. "Mambo ya ngombe sijue. Batu, nabajua kidogo. Muntu wa choyo angenipa hii ngombe leo. Angeisifu, bangepiga makofi, na angelala na jina yake nzuri. Kondoo za bibi yangu zingekufa kule mbali, na hakuna muntu angejua ni nani alizikufisha." Akamsogelea Kanyamibwa. "Weye umechafua jina yako mbele ya batu yako, juu ya kondoo ya bibi yangu."

Karangwa alikuwa bado hajajifuta uso.

Sasa, mtu aliyepewa ng'ombe kule ana namna yake ya kushukuru. Huinua mikono miwili juu, kama pembe, akalitaja jina la aliyempa, na tangu siku hiyo ataapa kwa jina hilo mpaka anazikwa. Albert, ambaye kwao hawana desturi hiyo, alikuwa amemwomba mpita njia mmoja amfundishe, akaja akiirudia siku tatu kutoka Buleusa. Aliinua mikono, mitupu, kamba ikiwa bado begani.

"Yampaye inka Kanyamibwa," alisema. Kanyamibwa amenipa ng'ombe. Aliyatamka vibaya sana, na hakuna aliyecheka.

Kanyamibwa alitaka kumwambia kwamba hapana, bado, hujampokea, huwezi kushukuru kwa kitu usichokishika. Albert alimkatiza. Alisema ng'ombe ametolewa na amepokelewa, mashahidi ni hawa wote, na kama ana ugonjwa basi ni ng'ombe wa Albert aliye mgonjwa, tena amelazwa mahali pazuri. Akamfunga Bihogo shingoni kamba yake mpya, akaivuta kidogo aone kama imekaa sawa, kisha akaweka ncha ya pili mkononi mwa Kanyamibwa.

"Mpaka damu yake iwe safi, weye njo muchungaji yangu," alisema. "Na umulishe vizuri. Nitakuya kuangalia."

Uwamariya ndiye aliyeanza kucheka, kisha katekista, kisha uani kote, na pombe ikaanza kutembea.

Albert aliondoka kesho yake baada ya misa. Watu waliokuwa njiani walimwona anapita na begi tu, wakamwuliza yuko wapi ng'ombe aliyemfuata mwendo wote ule, naye akawajibu kila mmoja kwamba yuko Bihambwe, kwa mchungaji wake, mzee mmoja mwaminifu ila mwenye maneno mengi. Alilisema hilo kwa sauti ya kufika kilimani. Kanyamibwa, ambaye katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuchunga ng'ombe wa mtu mwingine, alilisikia akiwa amesimama kwenye uzio, machozi yanamtoka na hayafuti. Alimsindikiza rafiki yake kwa macho mpaka akapotea kwenye kona ya barabara. Kisha akachukua mundu, akaenda kumkatia majani ng'ombe wa Albert.